Madrid hadi Barcelona kwa treni ya bei nafuu

Jamani, nimesafiri na treni ya Ouigo kutoka Madrid hadi Barcelona na bado nina furaha. Zaidi ya kilomita 600 kwa saa mbili na nusu hivi, na nauli ndogo kuliko zote nilizowahi kulipa njia hiyo! Nilikata tiketi mapema mtandaoni, maana siku zikikaribia bei hupanda.

Unafuu unatoka wapi? Treni ni ya ghorofa, ina viti 509, na hakuna daraja la kwanza. Siti zimebanana kiasi, mtu mrefu atayasikia magoti. Begi kubwa unalilipia zaidi, na kwangu hiyo ni haki: asiye na mzigo asimlipie mwenye mzigo.

Ouigo ni ya SNCF, shirika la reli la Ufaransa. Ilianza huko 2013, ikaingia Hispania Mei 2021. Mwezi uliofuata Renfe, shirika la reli la Hispania, wakaleta Avlo, treni yao ya bei nafuu, kisha Novemba 2022 ikaja Iryo, kampuni nyingine ya treni. Ushindani huo ndio ulioshusha nauli.

Jirani yangu wa siti alikuwa bibi anayekwenda kumwona mjukuu wake. Zamani, aliniambia, safari hiyo aliifanya kwa basi. Nilifurahi mno kumwona pale.