Feri au Handaki: Kuvuka Mlango Bahari wa Dover kwa Pikipiki

Kila mwaka, siku za joto zinapokaribia, ndugu na jamaa zangu wanaoishi Uingereza na wanaoendesha pikipiki huniuliza swali lile lile: mtu akitaka kwenda Ufaransa, apande feri pale Dover au aingie treni ya chini ya bahari pale Folkestone? Nimevuka mlango bahari ule kwa njia zote mbili, kiangazi na kipupwe, nikiwa peke yangu na nikiwa nimempakia mke wangu, na jibu langu limebadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Zamani nilikuwa nikijibu kwa neno moja tu, "treni", na sababu yake haikuhusiana kabisa na pikipiki.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mtu wa Likoni huvuka bahari kabla hajajua kusoma. Tulivuka kwenda Marikiti, tulivuka kwenda hospitali, tulivuka kwenda kuwaamkia wazee siku ya Idi. Asubuhi ya 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama ikiwa karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafariki dunia. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akivuka kila siku kwenda kazini bandarini, hakurudi, na tangu siku ile mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinishika mkono ndani ya feri kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Wiki moja tu baadaye, 6 Mei 1994, Malkia Elizabeth II na Rais François Mitterrand walilizindua handaki linalounganisha Uingereza na Ufaransa. Nilipokuja kuzijua tarehe hizo mbili ukubwani, nilijiambia kwamba mwenye njia ya kupita chini ya bahari hana haja ya kupita juu yake, na kwa miaka saba sikukanyaga feri yoyote ya Dover.

Kabla ya kueleza kilichonibadilisha, ni vizuri handaki lenyewe lieleweke, kwa kuwa wengi wanaoniuliza hudhani kwamba mtu huliingia akiendesha, taa zikiwaka, mpaka atokee upande wa pili. Sivyo. Hakuna barabara humo. Kuna njia mbili za reli, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, na katikati yake njia ndogo ya huduma na uokozi, ambayo imeunganishwa na zile kubwa kwa vichochoro vilivyochimbwa kila baada ya mita 375. Urefu wote ni kilomita 50 na kidogo, na kama 38 kati ya hizo ziko chini ya sakafu ya bahari, sehemu ndefu kuliko ya handaki jingine lolote duniani. Wachimbaji walifuata tabaka la chaki iliyochanganyika na udongo wa mfinyanzi, ambayo huchimbika kwa urahisi na haipitishi maji ovyo, na Waingereza na Wafaransa walikutana chini huko 1 Desemba 1990. Kifusi cha upande wa Uingereza kilimwagwa chini ya majabali ya Dover na kuzaa kipande kipya cha ardhi kinachoitwa Samphire Hoe, ambapo leo watu hutembea na kuvua samaki. Nawashauri wenye muda wapite pale, kwani ukisimama juu ya udongo uliotoka chini ya bahari unaelewa ukubwa wa kazi ile kuliko kwa maelezo yoyote.

Pikipiki, basi, hupanda treni. Unafika Folkestone kwa barabara ya M20, unatoka njia ya 11A, mashine inasoma namba yako na kukupa karatasi yenye herufi ya safari, unapita kwa maafisa wa pasipoti, halafu unasubiri herufi yako iitwe. Pikipiki huwekwa pamoja, mara nyingi baada ya magari kuingia, ndani ya behewa lenye mwanga mweupe na kuta za chuma. Hufungi kamba yoyote. Unaiegemeza kwa stendi ya pembeni, unaiacha ndani ya gia ya kwanza, unaikata usukani, na unakaa nayo mwenyewe safari nzima ya dakika 35. Mimi hukaa sakafuni, mgongo ukiwa ukutani na mguu mmoja ukigusa tairi la nyuma, na kwa mguu huo nausikia mtetemo wa treni ikikimbia kilomita 140 kwa saa. Hutajua umeingia chini ya bahari isipokuwa kwa masikio kuziba kidogo, kama ndege inaposhuka. Pikipiki haitikisiki. Kwa mtu anayeipenda pikipiki yake, na kwa mtu anayeiogopa bahari, hakuna njia iliyo tulivu zaidi ya hiyo.

Wapo wanaoliogopa handaki lenyewe, na siwalaumu, kwani moto umewahi kuwaka humo, Novemba 1996 na tena Septemba 2008, mara zote mbili katika treni zinazobeba malori. Hakuna aliyekufa katika matukio hayo mawili, na ile njia ya katikati niliyoitaja ndiyo iliyowatoa watu.

Sasa nije kwenye kilichonibadilisha. Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, nilitoka Lyon alfajiri nikiwa na tiketi ya treni ya jioni. Lyon hadi Calais ni zaidi ya kilomita 700, na mvua ilinishika tangu Reims. Nilifika Coquelles, kwenye kituo cha treni hiyo upande wa Ufaransa, nimelowa mpaka soksi, meno yakigongana, nikaingia ndani ya behewa, nikakaa sakafuni, na baada ya dakika 35 nikatolewa upande wa Kent nikiwa nimelowa vile vile, na dakika chache baadaye nikawa kwenye barabara kuu, usiku, malori kushoto na kulia. Kabla ya kufika Maidstone niligundua kwamba sikumbuki kilomita kadhaa nilizokuwa nimezipita. Niliingia kituo cha mafuta nikazima injini, nikakaa kwenye ukingo wa saruji kwa zaidi ya nusu saa kabla mikono haijaacha kutetemeka. Treni ilikuwa imefika kwa wakati na kila mtu alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Ila mimi nilihitaji saa moja na nusu ya kukaa pakavu na kula kitu cha moto, na nilikuwa nimelipa fedha ili nisiipate.

Hapo ndipo nilipoanza kulitazama upya lile hesabu la saa. Watu husema treni ni dakika 35 na feri ya Dover kwenda Calais ni dakika 90, hivyo feri inapoteza karibu saa nzima. Mwenye gari anaweza kuhesabu hivyo, kwa kuwa gari lake lina paa, kiti na kipasha joto, na ndani ya treni hubaki amekaa kitini. Mwendesha pikipiki aliyetoka mbali hana pa kupumzika isipokuwa pale atakapoamua kusimama, na mara nyingi haamui. Feri humlazimisha. Magari yote hufungiwa chini, hakuna anayeruhusiwa kubaki huko, na wewe unapanda juu, unavua koti la mvua, unaosha uso kwa maji ya moto, unakula, na ukitaka unalala juu ya viti na helmeti yako ikiwa mto.

Ilinichukua msimu mzima wa baridi kuikubali fikra hiyo. Nilisoma kwanza habari za Herald of Free Enterprise, meli iliyopinduka nje ya bandari ya Zeebrugge 6 Machi 1987 kwa sababu milango yake ya mbele haikufungwa, watu 193 wakapoteza maisha. Nilitaka kujua ni nini kilibadilika baada ya hapo, na nilichokikuta ni kwamba nahodha wa meli za aina ile sasa ana taa mbele yake zinazomwonyesha kama milango imefungwa, na kwamba kuondoka bila uhakika huo ni kosa. Huko nyumbani nilijifunza kuiogopa feri kwa kuwa nilijua abiria walivyokuwa wakisongamana. Dover nilikuta kila pikipiki imeandikwa, kila mtu amehesabiwa. Safari ya kwanza nilisimama nje, nyuma ya meli, mikono ikiwa imeshika chuma baridi, mpaka majabali meupe yakawa mstari mwembamba. Mlango bahari pale hauzidi kilomita 34 mahali pembamba, na siku ya anga safi nchi zote mbili huonekana kwa pamoja. Nilimkumbuka mama.

Lakini feri ina kazi yake, na kazi hiyo haifundishwi na mtu yeyote. Daraja la chuma la kupandia huteleza likilowa, hasa kwenye viungo vyake, kwa hiyo nenda taratibu, pikipiki ikiwa wima, bila kushika breki ya mbele kwa ghafla. Sakafu ya ndani ina rangi nene na mara nyingi ina mafuta. Baharia atakuelekeza kwenye kona, atakurushia mkanda wa kufungia na kukuonyesha pete zilizo sakafuni, kisha ataondoka kuendelea na malori. Safari yangu ya tatu, mwezi wa Oktoba, nilikuwa na haraka ya kupanda juu. Niliupitisha mkanda juu ya kiti nikaukaza kidogo tu, na nikasahau kuingiza gia. Katikati ya safari meli iliyumba. Tuliporuhusiwa kushuka niliikuta pikipiki imesogea mbele, stendi imejikunja, nayo imelala ubavu wa kushoto na mkono wa klachi umevunjika, umebaki kipande cha urefu wa kidole gumba. Nilikivuta kipande hicho kwa vidole viwili mpaka Canterbury.

Tangu hapo nafanya hivi, na mpangilio nimeuzingatia kila mara: gia ya kwanza kabla ya kuzima injini, stendi ya pembeni, usukani umekatwa upande wa kushoto, kitambaa kinene juu ya kiti ili mkanda usikichane, mkanda upite juu ya kiti kutoka pete ya kulia hadi ya kushoto na ukazwe mpaka springi za nyuma zishuke vidole viwili au vitatu, na mwisho mkanda mwembamba wangu mwenyewe unaobana mkono wa breki ya mbele. Kisha naitikisa pikipiki kwa nguvu zangu zote. Ikisogea, naanza upya, hata kama mabaharia wanapiga kelele.

Upepo ndio unaobadilisha uamuzi wangu wote. Barabara ya A20 kutoka Folkestone kwenda Dover hupita juu ya majabali, wazi kabisa kwa upepo wa baharini, na nimewahi kusukumwa mstari mzima na mkupuo mmoja. Upepo ukizidi, feri huchelewa au bandari hufungwa, na hata meli ikiondoka, pikipiki huko chini inapata tabu. Siku kama hiyo nabadilisha tiketi naenda na treni, bila kujali nimechoka kiasi gani, na kama nimechoka sana nalala Calais.

Neno kwa wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanaoishi Uingereza: hata uwe na ruhusa ya kudumu ya kuishi huku, unahitaji viza ya Schengen, na polisi wa mpakani wa Ufaransa huikagua ukiwa bado katika ardhi ya Uingereza, Dover na Folkestone pia. Kuanzia 12 Oktoba 2025 wameanza pia kusajili wasafiri kwa picha ya uso, na kwa wengine alama za vidole. Utavua helmeti na glavu, kwa hiyo weka pasipoti kwenye mfuko wa kifua na usiizike ndani ya sanduku la pembeni chini ya nguo.

Kuhusu bei siwezi kutoa ushauri wa kudumu, maana hupanda na kushuka kwa siku na kwa saa katika njia zote mbili. Anayekwenda Hispania asijisumbue na swali hili kabisa: ipo meli ya Plymouth kwenda Santander inayochukua kama saa 20, ina vyumba vya kulala, na inakuepusha na Ufaransa nzima.

Kwa hiyo sasa anayeniuliza namuuliza kwanza ataifikia bahari akiwa ametoka wapi. Kutoka London asubuhi, mtu akiwa amelala vizuri na amepanda pikipiki kwa saa moja na nusu tu, namwambia treni. Akirudi kutoka kusini jioni, na upepo ni mtulivu, namwambia feri. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunakwenda Annecy. Tiketi ya kwenda ni ya treni ya saa mbili asubuhi, ya kurudi ni ya feri ya saa moja jioni, na kile kitambaa kinene tayari kimo ndani ya sanduku la kushoto pamoja na mkanda mwembamba wa breki.