Spoila ya Altezza imenitoa jasho

Wiki tatu nzima nabishana na nafsi yangu kuhusu spoila ya nyuma, kile kibawa kinachofungwa juu ya buti. Gari ni Toyota Altezza ya 2001, nyeupe. Mwanzoni nilitaka lile bawa kubwa kama la Subaru STI. Fundi wa Gerezani, hapa Dar, akaliweka tu juu ya buti nilione. Jamani, gari lilionekana kama limebeba benchi la kijiwe cha kahawa! Halafu bawa huanza kazi ya kukandamiza gari kwenye mwendo mkali. Mimi na foleni ya Barabara ya Mandela, wapi na wapi?

Nikahamia ile fupi, mkia wa bata. Ya faibaglasi ilikuwa nafuu ila kingo hazikulala sawasawa, nikachukua ya plastiki. Fundi keshashika drili, nikamdaka mkono: tundu lisipozibwa vizuri maji yanaingia, kutu inafuata. Tukasafisha buti kwa spiriti, tukabandika kwa tepu ya pande mbili, na nimeambiwa nisioshe gari mpaka kesho.

Nimefika nyumbani natamba. Mama watoto kalizunguka gari mara mbili, kauliza: "Kwani umebadilisha nini?"