Kitunguu, kahawa na GV: nilivyoiona seli ikikosa ukuta

Miaka sita nimefundisha mgawanyiko wa seli kwa chaki. Wanafunzi wangu walikariri profezi, metafezi, anafezi na telofezi kama konda anavyotaja vituo, na alama walipata. Ila hakuna aliyewahi kuona seli ikigawanyika. Hata mimi chuoni niliona slaidi za dukani, tena kwa kupanga foleni.

Aliyenitoa kwenye uvivu huo ni mama mdogo. Mwaka juzi alikuwa akitibiwa saratani ya tezi za limfu, na moja ya dawa alizokuwa akiwekewa kwenye mshipa ni vincristine. Uvimbe wa shingoni ulikuwa ukinywea vizuri. Lakini baada ya mizunguko michache akaanza ganzi kwenye ncha za vidole, akawa hawezi kufunga vifungo vya gauni lake. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye mwalimu wa sayansi? Dawa ya shingo inatafuta nini vidoleni?" Nilimjibu maneno mengi. Akanitazama tu, akaomba uji.

Nilirudi nyumbani nikasoma. Dawa yenyewe inatoka kwenye ua ambalo hapa Dodoma tunapita mbele yake kila siku, Catharanthus roseus, lile la rangi ya waridi au jeupe ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kwa kuwa jua letu halilitishi. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer, watafiti wa Kanada, walitangaza vinblastine, ndugu yake vincristine. Walikuwa wakichunguza majani kutoka Jamaika ambayo watu waliyachemsha kutibu kisukari. Sukari ya panya haikushuka, kilichoshuka ni seli nyeupe za damu. (Jirani yangu aliposikia habari hizi alitaka kuyachemsha ya uani kwake. Nilimkatalia palepale: kwenye sufuria huwezi kujua umemeza kiasi gani, na dawa hii hata hospitali huipima kwa miligramu.)

Ndani ya seli kuna protini iitwayo tubulini. Vipande vyake hujipanga na kuwa vijibomba vyembamba, mikrotubuli, na hivyo ndivyo vinavyovuta kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, kwenda pande mbili seli inapogawanyika. Vincristine hung'ang'ania tubulini, vijibomba havijengeki, kromosomu hubaki katikati bila wa kuzivuta, na mwishowe seli hufa. Seli za saratani hugawanyika mfululizo, kwa hiyo ndizo zinazonaswa sana. Je, vidole? Seli ya neva haigawanyiki, lakini ina mkia mrefu mno, na mikrotubuli ndiyo reli ya kusafirishia mizigo kutoka sehemu yenye kiini, panapokaa kromosomu, hadi mwisho wa mkia. Reli ikiharibika, wa kwanza kukosa mzigo ni aliye mbali: ncha za vidole vya mikono na miguu. Nilimweleza mama mdogo hivyo. Akasema, "Kumbe ni kama sisi wa mwisho wa bomba." Maji ya mgao yanapopungua mtaani kwao, yeye ndiye hukosa kwanza.

Nikataka wanafunzi wangu waone jambo la namna hiyo kwa macho yao: alkaloidi, yaani kemikali kali inayotengenezwa na mmea, ikizuia kazi moja tu ndani ya seli. Vincristine haiwezekani kuileta darasani. Kolkisini nayo hufanya kazi kwenye tubulini, na ipo kwenye Gloriosa superba, ua lenye petali kama ndimi za moto linaloota porini kwetu, ila kiazi chake huua mtu. Nikabaki na alkaloidi iliyokuwa kwenye kabati la ofisi ya walimu: kafeini. Kwenye seli za mimea, kafeini haigusi uvutaji wa kromosomu. Inavuruga hatua ya baada ya hapo, ya kujenga ukuta katikati ya seli mbili mpya.

Seli za kutazama ningezipata kwenye ncha za mizizi ya kitunguu, ambako hugawanyika sana. Vitunguu nilinunua soko la Majengo, vya Singida, nikachagua vilivyokwisha kuanza kuchipua. Nilikwangua mizizi mikavu kwa wembe, nikavikalisha kwenye glasi, kitako kikigusa maji tu. Vya kwanza vilioza kwa sababu nilivizamisha na sikubadilisha maji, na joto la Novemba la hapa halina huruma. Vya pili vikatoa mizizi ya sentimita mbili siku ya tatu.

Rangi ndiyo ilikuwa kikwazo. Ile ya vitabuni shule haina, na bei yake ni ya kusikia tu. Nikakumbuka GV, dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye utando mdomoni. Rangi iliyomo, kristali vayoleti, hushika kromosomu, na duka la dawa wanaiuza kwa bei ya soda. Utaratibu uliokubali kwangu ulikuwa huu: ncha ya mzizi, milimita mbili tatu za mwisho, inaingia kwenye asidi haidrokloriki iliyopunguzwa makali ikichanganywa na spiriti nusu kwa nusu, dakika tano, mpaka ilainike. Halafu maji safi dakika kumi. Hapo usikimbie, maana asidi ikibaki rangi haishiki. Mimi nilikimbia mara mbili nikapata slaidi nyeupe kama maziwa. Kisha GV iliyozimuliwa, dakika nne. Mwisho unaweka kioo kidogo cha kufunikia na kubonyeza kwa kidole gumba bila kukiviringisha, seli zitandazike safu moja.

Umeme ulikuwa umekatika, nikatumia hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga, nikaielekeza kwenye ukuta mweupe wa bweni unaopigwa na mwanga (kamwe si kwenye jua lenyewe, utaharibu jicho). Kromosomu zikaonekana. Kitunguu kina 16, lakini sikuzihesabu. Nilipiga kelele, mtunza maabara akaja mbio akidhani nimejimwagia asidi.

Kafeini ilinitesa zaidi. Mara ya kwanza nilikoroga kahawa nzito kama ya vijiweni, nikaacha vitunguu humo usiku kucha. Asubuhi mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi zilizoiva, na ndani yake hakuna seli hata moja iliyokuwa ikigawanyika. Nilikuwa nimeiua tu, na kuua seli hata siki inaweza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini madaktari wa mama mdogo walipima uzito wake na urefu wake kabla ya kila dripu.

Nikapiga hesabu. Kahawa ya kuyeyuka ina kafeini kama asilimia 3 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 3 kwenye mililita 100 za maji hukaribia asilimia 0.1. Nikaweka mizizi humo kwa muda wa saa moja na nusu, nikairudisha kwenye maji safi kwa muda wa saa mbili, ndipo nikakata. Sasa kwenye slaidi, kati ya seli za kawaida, kulikuwa na seli zenye viini viwili vilivyokaa bega kwa bega bila ukuta katikati. Nikaita darasa.

Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye kawaida husinzia, akasema, "Madam, kahawa ina vitu vingi. Tunajuaje ni kafeini?" Sikuwa na jibu. Rafiki yangu anayefundisha chuo kikuu hapa mjini alinigawia kafeini safi gramu moja, nikaiyeyusha kwenye lita moja ya maji. Maji yalibaki meupe pe. Muda uleule, joto lilelile, na glasi nyingine ya maji matupu pembeni. Viini viwili vilionekana tena kwenye glasi ya kafeini. Kwenye maji matupu tulitafuta kipindi kizima hatukuona hata seli moja ya namna hiyo. Ukuta wa seli ya mmea hujengwa na vifuko vidogo vinavyokusanyika katikati na kuungana. Penye kafeini ujenzi huanza, kisha husambaratika kabla haujafika kingoni.

Swali lililofuata nililitarajia: mbona sisi tunakunywa na hatuoti viini viwili? Seli zetu hazijengi ukuta wa namna hiyo, hujibana katikati zikakatika. Na kikombe cha kahawa hakifikishi kwenye damu yetu kiwango kilichokuwa kwenye ile glasi, hata karibu. Kwetu kafeini hukalia sehemu ambayo adenosini, kemikali ya mwili wenyewe, ingekaa kwenye seli za ubongo kuleta usingizi. Yule wa nyuma akasema basi ataanza kuinywa.

Kabla ya kufunga maabara nikaacha kitunguu kimoja kilichopitia kafeini kwenye maji safi mpaka asubuhi. Nilitaka kujua seli zenye viini viwili zimekufa au zinaendelea. Saa mbili asubuhi, kwenye slaidi ya nne, niliipata moja: ndani ya ukuta mmoja, mafungu mawili ya kromosomu, yote mawili yamejipanga mstari, hatua ya metafezi, kwa wakati mmoja, kama mapacha waliovalishwa sare. Nikaipiga picha kwa simu kupitia lenzi, ikatoka na ukungu. Darasa lilipoingia saa nne slaidi ilikuwa imekauka, na upepo wa Dodoma ulikuwa umeshaitia vumbi.

Picha ile yenye ukungu nilimwonyesha mama mdogo. Siku hizi vifungo anafunga mwenyewe, taratibu. Aliisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali, akaniuliza ni kitunguu gani hicho cha zambarau.