Nilivyofanikiwa kumfungia mgeni ndani ya kizimba cha chuma

Kizimba ninachokizungumzia ni molekuli moja yenye umbo la piramidi ya pembetatu: kila moja ya pembe zake nne ina atomu ya chuma, na kingo zake sita ni vipande virefu vya kaboni vilivyobeba makundi ya sulfoneti, ambayo ndiyo yanayokiwezesha kuyeyuka katika maji. Kikundi cha mwanakemia Jonathan Nitschke kilikieleza mwaka 2008, na mwaka uliofuata kikaonyesha kwamba hata fosforasi nyeupe, ambayo huwaka yenyewe ikikutana na hewa, hutulia ikiwa imefungiwa humo. Mimi nilichagua mgeni (ndivyo inavyoitwa molekuli inayofungiwa) mpole zaidi: sikloheksani, kimiminika cha kaboni na hidrojeni.

Kinachonivutia ni kwamba kizimba hiki hujijenga chenyewe. Unaweka majini molekuli sita za diamini (ndizo zinazokuwa kingo), kumi na mbili za formilpiridini (molekuli ndogo zinazoziunganisha kingo na chuma) na ayoni nne za chuma, nazo hutafutana mpaka kila moja ipate mahali pake. Hata hivyo, mara ya kwanza nilipata maji ya kahawia yenye mashapo kama kutu. Kwa wiki mbili niliishuku formilpiridini, hadi dada aliyenitangulia maabarani aliponiuliza, "Mdogo wangu, hayo maji umeyatoa hewa?"

Sikuwa nimeyatoa. Oksijeni iliyoyeyuka majini ilikuwa imekigeuza chuma changu kabla hakijashikamana na chochote. Nilianza upya: niliyeyusha unga wa diamini pamoja na formilpiridini kwa hidroksidi ya tetramethilamoni, ambayo ni besi, nikaziba chupa kwa kifuniko cha mpira, nikapitisha naitrojeni kwa sindano ndefu iliyofika chini kabisa ili kuifukuza oksijeni, na saa moja baadaye ndipo nilipoongeza salfati ya chuma. Rangi ilibadilika mbele ya macho yangu, ikawa zambarau nzito isiyopitisha mwanga. Niliiacha katika nyuzi 50 usiku kucha, kisha nikaongeza asetoni ili kizimba kijitenge na maji kama mashapo, nikapata unga wa zambarau.

Uthibitisho ulitoka kwenye mashine ya NMR, ambayo hutumia sumaku kubwa kuzitambua atomu za molekuli na kuzichora kama mistari kwenye grafu. Kwa kuwa chuma kilicho ndani ya kizimba hiki hakina elektroni zisizo na wenza, mistari ilitoka myembamba na safi. Nilipoongeza tone la sikloheksani na kutikisa, ulitokea mstari mpya, mbali upande wa kulia wa ule wa sikloheksani iliyo huru, kwa sababu kuta za kizimba humkinga mgeni dhidi ya sumaku ya mashine. Kuiona mistari miwili badala ya mmoja kulinifurahisha kuliko yote, kwani kulimaanisha kwamba aliyeingia hatoki kwa haraka.

Mwishoni niliongeza asidi ili kukivunja kizimba. Zambarau ilififia, mstari wa kulia ukatoweka, na sikloheksani ikarudi pale ilipokuwa kabla ya kufungiwa.