Taa nyekundu ya mita ndiyo iliyonionyesha umeme wangu unakokwenda

Ukiuliza namna ya kupunguza matumizi ya umeme nyumbani, utapewa orodha ileile kila mara: zima taa ukitoka chumbani, chomoa chaja ya simu, usiache televisheni inaongea peke yake. Hayo si mabaya, na wanangu wamekua nayo. Kinachoniudhi ni kwamba yote hutolewa kwa uzito mmoja, kana kwamba chaja ya simu na hita ya maji ni watoto wa tumbo moja. Nyumbani kwetu tulichomoa chaja kwa bidii, tukagombana na watoto kwa ajili ya taa ya korido, na uniti zikaendelea kukatika vilevile.

Sasa matumizi yetu yameshuka kwa zaidi ya theluthi. Tunapika, tunaoga maji ya moto, na friji halizimwi. Nilichotumia ni pesa ya balbu chache, washa ya bomba (kile kipete cha mpira kinachozuia maji) na ekstensheni moja yenye swichi. Najivunia jambo hili na sioni sababu ya kuficha, kwa sababu niliambiwa na watu wengi kwamba bila kununua vifaa vipya haiwezekani.

Kilichonisaidia ni kile kitaa chekundu kinachomweka kwenye mita. Karibu kila mita ya kielektroniki inacho, na pembeni yake pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kikimweka mara 1000 umemaliza uniti moja. Kwa hiyo kila mmweko ni sehemu moja ya elfu ya uniti, yaani wati moja kwa saa nzima. Ukihesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko, kisha ukagawa 3600 kwa sekunde hizo, unapata wati zinazotumika nyumbani muda huohuo. Kikimweka kila baada ya sekunde 36, nyumba inatumia wati 100. Kikimweka kila sekunde 2, ni wati 1800, na hapo ujue kuna kitu kinachemka au kinapigwa pasi. Hufungui chochote, hugusi waya wowote, unatazama tu.

Nilifanya kazi hiyo usiku, watoto wamelala. Mume wangu alikaa ndani kwenye swichi, mimi nikasimama kwenye mita na saa ya simu. Tulizima kila kitu kwanza, hadi friji, mpaka mmweko ukakoma kabisa. Halafu nikawa namwambia, "Haya, washa feni." Mmweko kila dakika moja: wati 60. "Zima, weka pasi." Kila sekunde tatu: wati 1200. Birika la umeme likafanya kitaa kimweke karibu kila nikipumua, wati 2000 hivi. Kuona kwa macho tofauti kati ya feni na birika kunakaa kichwani kuliko kusomewa jedwali.

Kisha tukafika kwenye chaja ya simu, ikiwa kwenye soketi bila simu. Nilisubiri. Nikasubiri tena. Mume wangu akaniita, "Mama, umelala huko?" Kitaa hakikumweka hata mara moja. Chaja ya siku hizi ikiwa haina simu hula kama sehemu moja ya tano ya wati au pungufu, na kwa kiwango hicho ingenilazimu nisimame pale kwa muda wa saa tano ndipo nione mmweko mmoja. Mwezi mzima haifiki hata robo ya uniti. Chaja hii ndiyo tuliyokuwa tukiwafokea watoto.

Tukachomeka televisheni, king'amuzi na redio, vyote vikiwa vimezimwa kwa rimoti. Kila baada ya dakika tatu hivi, mmweko. Yaani wati 20 kwa vitu ambavyo kila mtu anaamini vimezimwa, na sehemu kubwa ni king'amuzi, maana nilipokichomoa chenyewe mmweko uliadimika kabisa. Wati 20 zinaonekana kidogo, lakini hazilali: usiku, mchana, mkiwa kazini, mkiwa safarini. Saa 24 kwa siku 30 ni uniti 14 na nukta nne. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuweka sheria tangu 2013 kwamba vifaa vingi vya nyumbani vikiwa kwenye hali ya kusubiri visizidi nusu wati, na televisheni nyingi mpya zinatii, ila king'amuzi cha kwetu ni cha zamani na hula karibu sawasawa kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Dawa yake ilikuwa ile ekstensheni yenye swichi. Nimeifunga pembeni ya kabati, mahali ambapo mtu wa mwisho kwenda kulala anaifikia bila kuinama. Usiifiche nyuma ya meza, hakuna atakayeizima.

Hapo kati shemeji yangu alituletea kile kiboksi kinachouzwa kama "kiokoa umeme", kinachomekwa kwenye soketi kikawasha taa ya kijani na kuahidi kupunguza matumizi nusu nzima. Alikileta kwa nia njema. Nikamwambia, "Karibu shemeji, twende kwenye mita." Tuliwasha friji peke yake na kungoja kompresa ingurume. Mmweko kila sekunde 30, wati 120. Tukachomeka kiboksi. Sekunde 30. Tukakihamishia soketi ya jirani na friji, kama alivyoagizwa na muuzaji. Sekunde 30. Tukajaribu na feni, hakuna kilichobadilika. Ndani ya viboksi hivi huwa kuna kapasita, na kapasita hurekebisha ule umeme unaokwenda na kurudi kwenye mota bila kufanya kazi. Kiwandani huo hulipiwa, ndiyo maana viwanda hufunga kapasita kubwa. Mita ya nyumbani inahesabu umeme uliofanya kazi tu, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Naliandika hili kwa hasira, kwa sababu wanaonunua vitu hivi ni watu wanaohangaika kweli na bili. Shemeji alikirudisha dukani. Naomba na wewe ukiletewa, kipeleke kwenye mita kabla hujatoa pesa.

Lakini mwizi mwenyewe tulimpata kwa hita. Usiku mmoja niliamka kunywa maji nikapita kwenye mita, nikakuta kitaa kinamweka mfululizo, kila sekunde mbili na ushee. Hiyo ni wati 1500, na nyumba nzima imelala. Friji halili hivyo. Nikakumbuka hita ya maji ya lita 50, ambayo tuliiacha imewashwa saa zote kwa sababu fundi aliyeifunga alituambia, "Msiizime, kuipasha upya ndiko kunakokula zaidi." Nikangoja mpaka ikajikata yenyewe. Baada ya muda ikawaka tena, na hakuna aliyekuwa amefungua bomba.

Asubuhi nilishika bomba moja moja. La maji ya moto jikoni lilikuwa linadondosha, tone tone, dogo kiasi kwamba tulikwisha kulizoea. Kila tone ni maji yaliyopashwa moto kwa pesa yetu, na kila likitoka, maji baridi yanaingia kwenye tangi kuchukua nafasi yake. Washa ya mpira ilikuwa imelika. Kuibadilisha kulihitaji spana, na washa yenyewe ni rahisi kuliko balbu.

Kuhusu ule ushauri wa fundi, nataka niseme waziwazi kwamba si kweli, na nimeusikia kwa watu wengi mno. Tangi la moto hupoteza joto kwa kadiri linavyozidi joto la chumba. Likikaa la moto saa 24, linavuja joto saa 24, na hita inarudishia kila kilichovuja. Likizimwa, linapoa, na kadiri linavyopoa ndivyo linavyovuja taratibu zaidi. Kulipasha upya kunagharimu kile kilichopotea, na kilichopotea ni kidogo kuliko ambacho kingepotea kama lingebaki moto. Hesabu ya kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni uniti mbili hivi, na kwa hita ya wati 1500 hiyo ni kama saa moja na theluthi. Sisi tunaiwasha kabla ya muda wa kuoga, tunaizima, tunaoga wote kwa kufuatana. Binti yangu mkubwa ndiye aliyelalamika sana mwanzoni. Sasa yeye ndiye anayekumbusha.

Tulikuta pia kidhibiti joto cha hita kimewekwa juu sana, mpaka kila mtu alikuwa akichanganya maji baridi ili asiungue. Kupasha maji halafu kuyapoza kwa maji mengine ni kulipia kitu usichokitumia. Tulimwita fundi mwingine akazima umeme na kukishusha hadi 60. Usishuke chini ya hapo kwa tamaa ya kuokoa zaidi, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 20 hadi 45.

Friji ndilo lililofuata. Wapo wanaosema lizimwe usiku. Usifanye. Unachokipata ni kidogo, maana asubuhi kompresa inakimbia kufidia, na chakula kinakuwa kimekaa kwenye joto linalopita nyuzi 5, ambako vijidudu huzaliana haraka. Fanya jaribio la karatasi: bana karatasi mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukataa, hewa ya joto inaingia hapo. Kwetu kona ya chini upande wa bawaba ilikuwa imelegea. Nilisugua mpira wote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikafuta ute uliokauka kwenye mikunjo kwa mswaki mkuukuu, nikaukausha. Ile kona ngumu nikaifunika kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto hadi mpira ukalainika, nikaunyoosha kwa vidole na kufunga mlango kwa nguvu kidogo ukapoe ukiwa umebanwa. Karatasi sasa inakataa kutoka. Nyuma tulilivuta kutoka ukutani na, baada ya kulichomoa, tukafagia vumbi kwenye zile nondo nyeusi zinazotoa joto. Barafu ikijaa kwenye friza, yeyusha. Tabaka nene la barafu ni blanketi, kompresa inahangaika kupitisha baridi hapo.

Balbu sitazimaliza kwa maneno mengi. Ya nyuzi yenye wati 60, ikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku, inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED yenye wati 9 inatoa mwanga uleule kwa uniti moja na theluthi. Kama huna pesa ya kubadilisha zote, anza na ile inayowaka muda mrefu kuliko zote, kwetu ilikuwa ya nje. Ya stoo iache ife yenyewe.

Jikoni, kila kitu ni maji. Kuchemsha lita moja na robo kutoka nyuzi 25 kunahitaji kama sehemu ya tisa ya uniti, kwa hiyo birika likijazwa kwa ajili ya kikombe kimoja, mengi yaliyobaki yamechemshwa bure. Pima maji kwa kikombe kwanza, kisha yamimine kwenye birika. Funika sufuria. Na chakula kikishaanza kuchemka punguza moto, kwani maji yanayochemka kwa fujo hayana joto kuliko yanayochemka polepole, yanageuka mvuke tu. Jiko la koili huzimwa dakika chache kabla, likimalizia kwa joto lake.

Pasi tunapiga mara moja kwa wiki nzima. Nguo nyepesi zinaanza pasi ikiwa bado inapanda, za pamba katikati, na zile laini tulizobakisha zinamaliziwa baada ya kuichomoa. Feni nayo inampoza mtu, haipozi chumba, basi chumba kikiwa kitupu haina kazi.

Kwa wanaotaka kujaribu mmweko na mita zao hazikuandikwa 1000: ikiwa 1600, gawa 2250 kwa sekunde; ikiwa 3200, gawa 1125. Mita za zamani zenye kisahani kinachozunguka huandikwa mizunguko kwa uniti. Gawa 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha jibu uligawe kwa sekunde za mzunguko mmoja. Na ukizima vifaa vyote lakini kitaa bado kinamweka, zima swichi kuu. Kikikoma hapo, kuna waya au kifaa ndani ya nyumba kinachovujisha, mwite fundi umeme. Kikiendelea kumweka na swichi kuu imezimwa, usiguse kitu, toa taarifa kwa shirika linalokuuzia umeme waje wakague mita na njia yao.