Usiku UMBC walipoiangusha Virginia

Ijumaa, Machi 16, 2018, nilikuwa Baltimore, sebuleni kwa jamaa yangu wa Tanga, nikiwa nimeshika karatasi yake ya ratiba ya mtoano. Kikapu cha vyuo vya Marekani nilikuwa nakisikia tu. Akanieleza haraka haraka: timu 68, kanda nne, kila kanda imepangwa namba 1 hadi 16, na ukifungwa mara moja umetoka. Virginia, namba 1 wa kanda yao na vinara wa mashindano yote, walikuwa Charlotte wakicheza na UMBC, chuo cha jirani tu na pale tulipokaa, namba 16. Upande wa wanaume, namba 1 walikuwa wameshinda mechi zote 135 dhidi ya namba 16.

"Usiufuate mpira, mdogo wangu. Tazama wanaokaba wamesimama wapi."

Hapo macho yakafunguka. Virginia wakikaba, mmoja anamkabili mwenye mpira, wanne wanajazana ndani karibu na kikapu. Dawa yake ni kupenya hatua mbili tatu, wakukusanyikie, kisha unatoa pasi nje kwa aliyeachwa peke yake. UMBC waliishikilia dawa hiyo usiku kucha, mpira ukianzia kwa mchezaji wao Maura, mtu wa futi 5 na inchi 8 kati ya majitu.

Mapumziko, 21–21. Virginia wa wakati ule walicheza taratibu, wakizitafuna karibu zote sekunde 30 za shambulizi. Ukiongoza, mwendo huo unamnyima mpinzani nafasi. Ukiwa nyuma, unakunyima wewe. Kipindi cha pili Jairus Lyles alifunga 23 kati ya pointi zake 28, na Virginia wakabaki kutupa kutoka mbali kwa haraka wasiyoizoea: mitupo 4 tu ya pointi tatu iliingia kati ya 22. UMBC waliingiza 12 kati ya 24. De'Andre Hunter wa Virginia, ambaye angeweza kukaba ndani na nje, hakucheza. Alikuwa ameumia mkono. Ikaisha 74–54.

Kaka alikuwa amewaandika Virginia hadi ubingwa. Kwenye karatasi yake alama za kubashiri mshindi huongezeka maradufu kila raundi: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Bingwa wako akitolewa mechi ya kwanza, alama 63 zimekwenda. Akakata jina kwa kalamu, raundi moja baada ya nyingine, mara sita, kisha akanipa karatasi tupu nijaze yangu kwa mechi zilizobaki. Jumapili niliwaandika UMBC. Kansas State wakawatoa 50–43.