Kwani kwenu hamna mtu mzima?

Leo siku ya nne na neno la yule bibi aliyeniuzia chaza bado halijanitoka. Nimefua nalo, nimepanga nalo mafaili masjala, na jana kwenye isha nikajistukia namjibu yeye badala ya kusoma Fatiha. Na wala hakunitukana.

Jumapili tulikwenda Fumba kumposea yule mdogo wetu (wamekubali, alhamdulillahi, habari ya mahari siku nyingine). Ilikuwa mwezi 16, bamvua, na siku kama hizo maji yetu hupwa kwenye saa nne asubuhi mpaka ukadhani bahari imehama. Wakati tunatoka, wanawake walikuwa wanarudi kutoka miambani, ndoo vichwani, nguo zimelowa hadi magotini. Bibi mmoja alikuwa na chaza. Si zile za lulu, hizo ni jamii nyingine na zinafugwa kwa kazi yake. Hizi ni chaza za mawe, ndogo, zimepindapinda, kingo zake kama msumeno, zimeganda matope. Nilishawahi kuziona hotelini zimelazwa juu ya barafu kama johari, nikasema leo na mie nizile kwangu.

Nikalipa. Kisha kwa ujinga wangu nikauliza:

"Bibi, hizi nazifunguaje?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka mtandio. "Kwani kwenu hamna mtu mzima?"

"Yupo," nikasema.

"Basi atakufundisha." Akaniongezea nne za bure, akajitwika ndoo yake, akaenda.

Yupo! Mama tumemzika Shaaban, mnaonisoma mnajua, na bibi yetu kabla yake. Sasa yupo nani? Tangu hapo nimelirudia lile swali kwa kila sauti. Nikilisema pole, ni bibi tu anashangaa mtu anunue kitu asichokijua. Nikilikaza pale kwenye "kwenu", ni kuambiwa sikulelewa. Nimemuuliza mume wangu yeye angelisikiaje, akasema angesikia kwamba chaza ziko tayari, twende, watu wanatusubiri garini.

Nyumbani nikaanza na kosa. Nilizitia kwenye ndoo ya maji ya bomba zikae zilainike matope. Wifi akaja juu: "Unaziua!" Yeye kwao Unguja Ukuu kwa upande wa mama, anajua. Chaza wa baharini ukimtia maji baridi yasiyo chumvi anakufa, na akifa ndani ya gamba humjui kwa kumtazama tu. Alinitolea zote, akazifunika gunia bichi kivulini. Nikasugua moja moja kwa brashi ya kufulia, bombani, upesi upesi. Zilizokuwa wazi tukazigonga kidogo. Anayejifunga yu hai, asiyejifunga tukamtupa. Tulitupa tatu. Sijui kama ni maji yangu yaliyoziua au zilikuja hivyo, na sikuuliza.

Wifi ndiye aliyeniambia, tumechuchumaa pale uani, "Mtu mzima si weye?" Alikusudia kunifariji. Nikacheka, lakini sikulipenda. Miaka arobaini na moja na sijui kufungua chaza.

Kufungua kwenyewe sasa. Unakunja kitambaa kinene mara nne, unaishika chaza kwa mkono wa kushoto, upande wenye shimo kama kibakuli ukae chini ili maji yake yasimwagike. Kisu kiwe kifupi na butu; sisi tulitumia bisibisi bapa. Unatafuta pale kwenye ncha, magamba mawili yanaposhikana, unachomeka, unasukuma kidogo, kisha unazungusha kiganja kama unafungua kufuli. Usilazimishe. Ikikubali utaisikia, tak, ndogo sana, na harufu ya bahari inakupanda puani. Hapo unapitisha ncha chini ya kifuniko, unakata ule msuli unaolishika gamba. Mimi nilifungua sita kwa muda ambao wifi alimaliza kumi na nne. Mume wangu akaja kutuonyesha wanaume wanavyofanya, bisibisi ikateleza ikamwingia chini ya kidole gumba. Kwa sabuni na maji mengi, na asishike tena, maana kidonda na maji ya chaza si vitu vya kuchezea.

Na hapo kwenye ile damu, naye anapuliza kidole kama mtoto, nikakumbuka kitu nikakaa chini kabisa kwa kicheko. Mama alikuwa hali chaza! Mpemba wa Wete, mtoto wa mvuvi, pweza anampiga, ngisi anamtia mpaka wino wake, lakini chaza akiitaja hutema mate pembeni. Eti makamasi ya mwamba. Angekuwa hai ningempelekea ile ndoo, angenifukuza na ufagio. Kwa hiyo nilipomwambia yule bibi "yupo" nilisema uongo wa mara mbili.

Nikawasimulia, wifi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Toka hapo mambo yakawa mepesi.

Zilizobaki hatukuzifungua. Tulikoleza seredani kwa makaa na vifuu, zikapangwa kibakuli chini. Baada ya dakika chache zinaanza kutoa povu ukingoni, zinalia ndani kwa ndani, kisha mdomo unaachia. Moja ilipasuka pa! kipande kikaruka mpaka kwenye kamba ya nguo, tukawafukuza watoto wote. Ikishafunguka usiwe na haraka, iache bado dakika tatu hadi tano. Isiyofunguka kabisa, tupa. Kitindamimba alitaka kula mbichi kwa ndimu kama watalii, nikamkatalia: chaza hula kwa kuyachuja maji, kila uchafu wa maji hubaki naye, na ndimu haiui wadudu. Kwenye zilizoiva nikatia thomu iliyotwangwa na pilipili mbuzi, tui zito kijiko kimoja, nikarudisha motoni mpaka likachemka humo humo ndani ya gamba. Tukachovya boflo. Hakuna aliyepata lulu, ingawa watatu walidai wameiona wakaimeza.

Jana Jumatano nikapiga hesabu: bamvua nyingine ni mwezi mpya. Fumba nitarudi tu, kwa mambo ya harusi. Nikimkuta yule bibi nitamwambia nini? Magamba yake bado yako kwenye karai uani, nayatazama kila nikianika nguo.



Sasa ni saa sita za usiku na pampu ya kisima imejiwasha tena yenyewe. Tangi limejaa tangu magharibi. Fundi alikuja Jumanne akasema haina tatizo lolote.